GITAA LISILONG'AA HALITAKI KUNG'ARISHWA

Katika kambi nyingi za mashamba na katika nyumba za wafanyakazi wa viwandani gitaa si mali ya mtu mmoja. Limenunuliwa kwa mchango, linapigwa siku ya mapumziko na kwenye harusi, na mara nyingi hulala kwa mwenye chumba kisichovuja. Hata vyama vya wafanyakazi vimewahi kumiliki bendi. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na NUTA Jazz tangu mwaka 1964, bendi ya chama chao cha wafanyakazi, ambayo baada ya kubadilishwa jina mara kadhaa ndiyo inayojulikana kama Msondo Ngoma. Basi chombo cha kikundi kikiharibika hasara ni ya wote, na wakati mwingine kinachokiharibu ni usafi wenyewe.

Tunazungumza juu ya gitaa kavu, lile lisilotumia umeme ambalo wazee huliita galatoni, na hasa la aina ambayo rangi yake haing'ai. Ukilishika karibu na dirisha huoni sura yako kama katika kioo. Mwanga hutawanyika, na ubao huonekana laini na mkavu kama uliopigwa msasa jana. Watu wengi hudhani fundi hakumaliza kazi, au kwamba ni gitaa la bei ya chini. Si lazima iwe hivyo. Kampuni ya Martin ya Marekani, iliyoanza kazi mwaka 1833, ina magitaa ya mahogani ya aina hiyo yasiyong'aa, na bei yake si mchezo. Rangi hiyo imekusudiwa. Huokoa kazi ndefu ya kusugua mwishoni, na wapigaji wengi huipenda, hasa nyuma ya shingo, kwa sababu mkono wenye jasho haunati.

Sasa tuone siri yake. Katika vanishi ya namna hiyo kiwanda huchanganya unga laini sana, kwa kawaida wa silika, yaani kitu cha jamii ya mchanga. Vanishi ikikauka, unga ule huacha vijilima na vijibonde ambavyo jicho haliwezi kuviona. Mwanga ukivigonga hurudi kila upande, ndiyo maana gitaa haling'ai. Ukisugua kwa dawa ya kung'arishia magari, chenga zilizomo hukata vijilima. Ukipaka nta au dawa ya fanicha, vijibonde hujaa. Kwa njia zote mbili sehemu ile huanza kung'aa, lakini hung'aa kwa mabaka, na baka la kukatwa halifutiki kwa sabuni. Dawa ikiwa na silikoni, basi ni mbaya zaidi, maana siku fundi akitaka kupaka vanishi mpya haitashika vizuri.

Mkulima anaujua mfano wa jambo hili bila kufundishwa. Mpini wa jembe ukiwa mpya haung'ai. Baada ya misimu miwili pale mikono inaposhika panang'aa kama panapopakwa mafuta. Gitaa nalo litang'aa pale mkono wa kulia unapoegemea na pale kidole gumba kinapopita nyuma ya shingo. Hayo ni matumizi, si ugonjwa, wala haina haja ya kuyaponya. Kosa huja pale mtu mwenye nia njema anapoona pahali pamoja pamekuwa pang'avu, akaamua kung'arisha gitaa zima lilingane. Anachukua rangi ya viatu au nta ya gari ya meneja, anasugua Jumapili nzima, na Jumatatu gitaa la wenzake lina viraka kama suruali ya karakana. Kulirudisha lilivyokuwa ni kupaka vanishi upya, na gharama ya kazi hiyo yaweza kukaribia bei ya gitaa.

Usafi wa kweli huanzia mikononi. Anayetoka kwenye mkonge ana utomvu unaowasha, anayetoka kwenye mashine ana grisi, na anayetoka kupulizia dawa shambani hapaswi kugusa chochote kabla ya kunawa, sembuse gitaa. Nawa kwa sabuni, kausha mikono kabisa, ndipo upige. Ukimaliza pangusa nyuzi juu na chini, kisha ubao, kwa kitambaa kikavu cha pamba. Fulana kuukuu iliyofuliwa vizuri yatosha, mradi isiwe na vifungo wala mshono mgumu wa kukwaruza. Vumbi lilipushe kwanza kwa wepesi kabla ya kukandamiza, kwa kuwa vumbi la barabara lina mchanga, na mchanga ukisuguliwa ni msasa.

Kukiwa na alama ya vidole au jasho lililoganda, lowesha pembe ya kitambaa, kamua mpaka isitoe tone, pangusa, kausha papo hapo. Uchafu ukikataa, weka tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo katika bakuli la maji, fanya vivyo hivyo, kisha rudia kwa maji matupu. Usimwagie maji. Usiyaache yaingie katika tundu au chini ya daraja la nyuzi. Kwa ubao wa gitaa lisilong'aa hakuna zaidi ya hapo, na anayekuuzia kichupa cha kung'arisha anakuuzia hasara.

Petroli, thina na spiriti ziache karakanani. Magitaa mengine yana vanishi ya selulosi ambayo thina huiyeyusha mara moja, na spiriti huweza kuilainisha. Zaidi ya hayo, mvuke wa vitu hivi ndani ya chumba kimoja chenye jiko linalowaka ni hatari kwa watoto waliolala humo. Mpira nao si rafiki wa vanishi ya selulosi: gitaa likiegemezwa siku nyingi juu ya mpira laweza kupata alama isiyotoka.

Ule ubao mweusi au wa kahawia wa shingoni, ambapo vidole hukanyaga nyuzi, kwa kawaida haukupakwa vanishi. Mara nyingi ni mti wa jamii moja na mpingo wetu. Huo waweza kupata mafuta, lakini matone machache tu ya mafuta ya madini yasiyo na rangi, mara moja au mbili kwa mwaka wakati wa kubadilisha nyuzi, kisha yafutwe yote. Mafuta ya kupikia hapana. Yatachacha na kunata.

Nyuzi nene za gitaa hili zimezungushiwa waya wa shaba, mara nyingi sehemu 80 za shaba na 20 za zinki. Ndugu wa migodi ya Katanga wanaijua shaba kuliko mwandishi, nao watasema chumvi ya jasho hufanya nini. Nyuzi zisizopanguswa huwa nyeusi na sauti yake hufa mapema.

La mwisho ni mahali pa kulaza gitaa, na hapa vanishi haiwezi kusaidia. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa zaidi ya kilo 70, uzito wa mtu mzima. Gundi ikipata joto hulegea, na nyuzi hazipumziki kuvuta. Kwa hiyo usilitundike chini ya bati, usiliache ndani ya gari juani, wala usiliweke karibu na jiko. Hewa inayolifaa ni yenye unyevu wa kati, karibu asilimia 50. Masika mbao huvimba, kiangazi hunywea na kupasuka. Gitaa likikaa ndani ya sanduku lake mabadiliko hayo huja polepole.

Kila mwisho wa mwezi chukua karatasi nyembamba ujaribu kuipitisha chini ya daraja la nyuzi, upande wa nyuma. Ikiingia, daraja limeanza kung'oka. Legeza nyuzi zote siku hiyo hiyo na umpelekee fundi wa mbao anayejua vyombo. Usipige msumari, na usitie gundi ya viatu, kwa sababu fundi atalazimika kuikwangua yote kabla ya kuanza kazi yake.