Hoteli Ndogo, Karatasi Nyingi

(MUZIKI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Leo tunaongea na mama mwenye malewa, baba mwenye kibanda cha chapati, na yeyote mwenye loji ya vyumba vitatu. Tangu WFP ianze kutugawa kwa makundi mwaka 2023 na mgao ukapungua, masufuria yameongezeka kando ya barabara. Na swali ni moja: mimi nauza fufu na sombe tu, karatasi zote hizi za nini?

Tuanze na haki. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya biashara Uganda, ila kwa kufuata sheria zilezile anazofuata mwenyeji. Ndiyo maana kuna leseni ya biashara ya kila mwaka, inayotolewa na serikali ya mtaa. Ada yake inategemea aina ya biashara na daraja la mahali, kwa hiyo hoteli ya katikati ya jiji la Mbarara na kibanda cha kijijini havilipi sawa.

Kuna pia masharti ya afya: choo, maji safi, na wanaoshika chakula wapimwe. Haya mimi singependa yapunguzwe. Tunaishi kwa kubanana, na hoteli moja chafu inaweza kulaza kijiji kizima.

Sasa kodi ya mapato, ambayo wengi wanaiogopa bila kuijua. Kama mauzo yako ya mwaka hayazidi shilingi milioni 10, URA haikudai kodi hiyo. Hesabu mwenyewe: ni kama shilingi 27,000 kwa siku ukifungua kila siku. Hayo ni mauzo, siyo faida. Kati ya milioni 10 na milioni 30, asiye na kumbukumbu za biashara analipa 80,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi milioni 10. Tuseme mama ameuza milioni 15. Akiwa na daftari lake, ni 20,000. Bila daftari, ni 80,000. Daftari lenyewe bei yake mnaijua.

(MUZIKI MFUPI)

Lakini mzigo wenyewe hauko kwenye ada peke yake. Uko njiani. Unafunga jiko, unalipa nauli hadi Mbarara, unaambiwa kuna fotokopi imekosekana, unarudi. Siku mbili bila mauzo. Uganda tayari ina mpango uitwao TREP, ambao umeweka URA, ofisi ya kusajili biashara na serikali za mitaa mahali pamoja katika baadhi ya miji. Meza kama hiyo ikija Base Camp hata mara moja kwa mwezi, kwa maoni yangu itasaidia kuliko kukata ada nusu.

Tanzania walijaribu njia nyingine. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya shilingi 20,000 za kwao kwa wafanyabiashara wadogo, mama lishe wakiwemo, wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Kadi moja kwa mwaka mzima, badala ya kutozwa kila siku. Kasoro ilikuwepo: kadi za mwanzo hazikuwa na jina wala picha ya mwenyewe. Hata hivyo mama alijua analipa nini, na lini.

Kwa hapa kwetu, wenye hoteli wa kijiji kimoja mnaweza kumwona kiongozi wenu wa RWC na kuomba afisa wa biashara na mkaguzi wa afya waje siku moja, badala ya nyinyi ishirini kupanda gari. Kodi ya URA inalipwa benki au kwa simu, kwa namba ya malipo inayoitwa PRN. Anayetaka noti mkononi bila risiti, mwambie akuandikie jina lake na ofisi yake kwanza.

Wenye loji, kodi ya hoteli ya kila usiku inatoka kwa mgeni, nyinyi mnaikusanya tu. Iandikeni kwenye ukurasa wake, isichanganyike na pesa ya chumba.

(MUZIKI WA KUFUNGA)