Muundi Wauma Kila Msimu? Chunguza Chakula

Je, bintiyo ni mkimbiaji na hulalamikia muundi kila msimu wa mashindano? Hupumzika wiki mbili, akapona, kisha akirudi uwanjani maumivu ni yale yale. Umemnunulia raba mpya, umemkanda kwa maji moto, wapi!

Mwambie akuonyeshe panapouma. Akipitisha kiganja mfupa mzima, huenda ni uchovu wa misuli. Akigusa mahali pamoja kwa ncha ya kidole, shuku ufa mdogo mfupani. Ufa huo mara nyingi hauonekani kwenye eksirei wiki 2 au 3 za kwanza, kwa hivyo usitulie ukiambiwa picha ni safi.

Kisha muulize swali ambalo makocha wengi huona haya kuliuliza: anapata hedhi? Msichana akila kidogo kuliko nguvu anazotumia, mwili hubana matumizi. Homoni ya estrojeni hupungua, hedhi hukoma na mifupa hudhoofika. Wako wanaodhani hiyo ni dalili ya mazoezi kukolea. La hasha! Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliupa upungufu huu jina la RED-S, na hata wavulana huupata.

Mpeleke kwa daktari, na umweleze habari za hedhi pamoja na za mguu. Mara nyingi ufa huhitaji majuma 6 hadi 8 bila mbio. Akianza tena, asitoke alfajiri na chai kavu tumboni. Mpe viazi vitamu na yai, na maziwa akirudi.