Jenga ngome ya boksi, madogo watulie!
Kelele za wadogo zako zimeshamfanya mwenye nyumba atishie kuwatoeni? Dawa ipo! Omba boksi kubwa kwa Mangi, mjenge ngome kama Fort Jesus ya Mombasa, ile Wareno waliyoianza mwaka 1593. Mistari ya ndani ya boksi isimame wima, la sivyo ukuta utalala kama mlevi. Gundi pika ya unga wa ngano (mende wanaipenda, shauri yako). Wembe shika wewe, wao wachore matundu ya mizinga. Kisha wape mchezo: Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696, wakaiteka Desemba 1698. Anayekuwa Mreno asitoke wala asipige kelele. Kwetu, Mreno alisinzia humo humo, ubwabwa ukapoa.