Je, Wajua? Komba wa Gramu 60 Jirani na Dar

Komba mdogo kuliko wote duniani anaishi pembezoni mwa Dar es Salaam, katika misitu ya Pande na Pugu. Ana uzito wa gramu 60 hivi tu.

• Alitangazwa kuwa spishi mpya mwaka 1997. Anaitwa komba wa Rondo, kwa jina la msitu ulioko Lindi.

• Usiku, ni rahisi kumchanganya na ndugu zake. Mlio ndio unaomtofautisha: hutoa sauti mbilimbili, tena na tena. Kila spishi ya komba ina mlio wake.

• Manyoya ya mkia wake husimama kama brashi ya kuoshea chupa.

• Yuko hatarini kutoweka. Miti ikikatwa kwa ajili ya mkaa, hana pa kuhamia.