UZI: "Tutaleta AI kumaliza mafuriko Mombasa." Haya, tuichambue hii ahadi

1/ Ahadi hii inapendeza sana kwenye midahalo: tukichaguliwa tutaleta akili unde, mafuriko yatakuwa historia. Nusu ya ukumbi inapiga makofi. Nusu nyingine inacheka: mitaro imeziba, AI ya nini? Kwangu mimi pande zote mbili zinaliruka swali lenyewe. Twende polepole.

2/ Kwanza tujue adui ni nani. Kisiwa cha Mombasa hakina mto wa kuvunja kingo. Maji yetu yanatoka juu na baharini kwa pamoja. Masika hapa hufika kilele mwezi Mei. Mvua inashuka kwenye mabati na lami, inatafuta mtaro, mtaro unatafuta bahari.

3/ Sasa mvua hiyo ikutane na bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Kwenye bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hukaribia mita 4. Mdomo wa mtaro ukifunikwa na bahari, maji ya mvua yaende wapi? Yanarudi mtaani, yanaingia ukumbini kwa mtu.

4/ Na si mchezo. Mafuriko ya Oktoba 2006 yaliathiri takriban watu 60,000 Mombasa. Kuna makadirio yanayotajwa sana kwamba bahari ikipanda sentimita 30 tu, karibu asilimia 17 ya eneo la Mombasa inaweza kuzama. Hata Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa 1593 na iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2011, imebidi ijengewe ukuta upande wa bahari ili mawimbi yasiendelee kula mwamba wake. Nyumba za mawe na chokaa za Mji wa Kale nani anazijengea ukuta?

5/ Haya, AI. Mvuvi wa hapa anajua bamvua bila kompyuta. Kitu ambacho mtu mmoja hawezi kukibeba kichwani ni kuunganisha yote: mvua ya kesho, saa ya maji kujaa, mwinuko wa kila mtaa, upana wa kila mtaro, na idadi ya nyumba. Hiyo ndiyo kazi mashine inaiweza, mradi ilishwe data.

6/ Mifano ya kweli ipo:
– Utabiri wa mafuriko wa Google ulianzia India 2018, na 2023 Flood Hub yake ikafika nchi 80. Inaweza kutoa tahadhari hadi siku 7 kabla. Lakini ilianza kama mfumo wa mafuriko ya MITO. Kwa Tana inaeleweka. Kwa Ndia Kuu ni hesabu nyingine.
– ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha kanda yetu, kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford na WFP kutumia AI kuboresha utabiri wa mvua kubwa Kenya na Ethiopia.
– Open Buildings, kazi iliyofanywa na watafiti wa Google wakiwemo wa Accra, ilitoka 2021 ikiwa na ramani ya zaidi ya majengo milioni 500 ya Afrika, yaliyotambuliwa kutoka picha za setilaiti.

7/ Tatizo: setilaiti inaona paa. Haioni mtaro ulio chini ya barabara. Haioni chupa za plastiki zilizouziba. Na vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, mapaa karibu yagusane, kwa hivyo hata njia yenyewe inaweza kufichika.

8/ Jirani zetu walianzaje? Dar es Salaam, 2015, mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo na wakaazi waliingia mitaani kwa miguu wakichora mitaro na nyumba, wakiuliza watu maji yalifika wapi: goti, kiuno, dirisha? Zanzibar ilianza kupigwa picha kwa droni 2016, na ni baadaye, 2018, picha hizo zilipotumika kwenye shindano la kuifundisha AI kutambua majengo. Oneni mpangilio: watu kwanza, mashine baadaye.

9/ Sasa siasa yenyewe. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa KAUNTI kazi ya maji ya mvua mijini. Idara ya Hali ya Hewa ni ya serikali ya KITAIFA. Yaani tahadhari inatoka ofisi moja, mwenye jembe ni mwingine. Ndiyo maana kila mafuriko unasikia lawama zikipigwa danadana. Hata utabiri uwe sahihi kiasi gani, kama hakuna mtu aliyeandikiwa "ukipata ujumbe huu, fungua mtaro huu kabla ya saa fulani", ni habari tu.

10/ Na hili ndilo linanitia wasiwasi zaidi. Mombasa tuna nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine, unalipa kodi ya ardhi. Siku ramani ya AI ikiupaka mtaa wako rangi nyekundu, kuna njia mbili: mtaro upanuliwe, au nyinyi muhamishwe. Mkihamishwa, fidia apewe nani, mwenye nyumba au mwenye kiwanja? Ramani haimwambii mtu ahame. Anayemwambia ni mwenye muhuri, na atasema "kompyuta ndiyo imeamua".

11/ Je, wale wa "zibueni mitaro kwanza" wako sawa? Nusu. Hela zikitosha mitaro kumi kati ya mia, ipi kumi? Leo hatujui wanachaguaje. Data ikiwa wazi kwa umma, mtaa wa jamaa ya mheshimiwa hauwezi kupita mbele kimyakimya. Lakini sharti ni hilo: iwe WAZI.

12/ Kwa hivyo mgombea akisema AI, muulize:
– Data ya mitaro unayo? Ilipimwa lini?
– Ramani itakuwa ya umma au ya kampuni?
– Tahadhari ikitoka, afisa gani anawajibika, na ana saa ngapi?
– Mtaa ukiwa mwekundu, haki ya asiye na hati ni ipi?
– Pesa ziko kwenye mstari gani wa bajeti?

13/ Hilo la mwisho lina tarehe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka makadirio ya bajeti yafike bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, masika yenyewe ikiwa imeshaanza. Vikao vya maoni ya umma vikiitishwa, nendeni na hayo maswali. Makofi ya mdahalo hayaandikwi popote, maoni yako pale yanaandikwa.

14/ Kwenu mtaani maji huanzia wapi, na hufika wapi? Andika hapa chini: mtaa, mwaka, goti au kiuno. Usitaje jina la mtu. Hatuhitaji kumngoja mheshimiwa ndio tuanze kukusanya data.