Kishikwambi na Sikio la Fundi

Siku hizi fundi wa ala za muziki aweza kuweka kishikwambi mezani, na programu ikamhesabia mitetemo ya kila sauti. Chombo hicho twakipokea kwa furaha. Lakini twaonya: programu nyingi zimewekewa kipimo cha Ulaya, ambacho huigawa oktavu katika sehemu 12 zilizo sawa.

Ilimba ya Wagogo, aliyoivumisha duniani marehemu Hukwe Zawose (1938–2003), haifuati mgawanyo huo. Fundi akiutii mshale wa kioo, atavisogeza vyuma vilivyokuwa sahihi, na ilimba itapoteza lugha yake.

Basi na apime kwanza ilimba iliyokubaliwa na wazee, aziweke hesabu zake katika programu, ndipo atengeneze mpya. Kipimo kiwe mtumishi. Sikio libaki hakimu.