Kidonda cha muguu: wakati gani ampisilini haitoshi

Muji wa Kolwezi unajua vidonda vya miguu. Wachimbaji wa mukono, ma-creuseurs wa Kasulo na Kapata, wanashuka kwenye mashimo, wengine bila mabote. Wanaosafisha madini wanakaa saa nyingi ndani ya maji machafu. Jiwe likikata ngozi, mutu anasema: "Ni kidonda tu, itapona." Kisha anafungua kapsuli ya ampisilini na kumwaga unga juu yake.

Shida inaanzia hapo. Ngozi ni ukuta. Ikipasuka, hata kati ya vidole tu, mikorobi inaingia. Zile zinazoleta uvimbe na usaha mara nyingi ni stafilokoki na streptokoki. Stafilokoki inaishi kimya puani na kwenye ngozi ya watu wengi wasiokuwa na ugonjwa wowote. Na stafilokoki nyingi leo zinaweza kuvunja ampisilini, kwa hiyo ule unga hauziui.

Cha kwanza ni maji safi, sabuni, na kitambaa safi cha kufunika. Kama udongo umeingia, uliza munganga juu ya chanjo ya pepopunda.

Kwenye ngozi nyeusi, wekundu hauonekani vizuri. Gusa: kuna moto? Ngozi imevimba, inang'aa? Chora mustari kwa biki pembeni ya uvimbe. Uvimbe ukivuka mustari, ao homa ikianza, nenda kituo cha afya siku ile ile. Mwenye kisukari asingoje hata mustari. Maumivu yakipita sana ukubwa wa kidonda, ao ngozi ikigeuka nyeusi na kutoa malengelenge, kimbia hospitali hata usiku: kuna mikorobi zinazoharibu nyama chini ya ngozi kwa saa chache.

Lakini si kila kipele kinatoka kwa mikorobi hizo. Mwezi wa tisa 2023, aina mupya ya mpox ilianza kuonekana Kamituga, muji wa zahabu kule Kivu ya Kusini. Tarehe 14 mwezi wa nane 2024, OMS ikatangaza dharura ya dunia. Mpox ni virusi, na hakuna antibiotiki inayoua virusi. Vipele vikija pamoja na homa na tezi za shingo ao za kinena zikivimba, usilale na wengine, usigawane nao shuka wala taulo. Fika kituo cha afya mapema, na uwaeleze waliokugusa.